Kutengeneza gita la umeme nyumbani: mwongozo kamili kwa anayeanza na ubao mtupu

Gita langu la kwanza lilipendeza kulitazama. Bodi nyekundu, imeng'arishwa mpaka unaona uso wako ndani yake, na kila aliyelishika alilisifia. Balaa lilianza pale mtu alipolipiga. Nyuzi zikiwa wazi zilikuwa sawa kabisa, lakini kadiri mkono ulivyopanda shingoni kila noti ilitoka kali kuliko inavyopaswa. Nilibadilisha nyuzi. Nikanunua vigingi vipya vya kukazia. Mwisho nikachukua rula ya chuma nikapima nilichopaswa kupima tangu mwanzo: daraja, kile kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi, lilikuwa limeisogelea shingo kwa milimita sita. Nilikuwa nimepimia kwenye ukingo wa ubao wa freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), si pale uzi unapoanza kutetema. Kazi ya miezi minne ikawa pambo la ukutani.

Ndiyo maana mwongozo huu utakusumbua sana kwa vipimo. Gita la umeme ni kazi ya vipimo iliyovaa nguo za useremala. Bodi inasamehe mengi: ikiwa na umbo la ajabu, ikiwa ya mbao mbili tofauti, ikiwa na kiraka, gita litalia tu. Shingo na urefu wa uzi havisamehi.

Na usidhani unahitaji karakana ya kifahari. Brian May wa bendi ya Queen alianza kutengeneza gita lake, Red Special, mwaka 1963 akiwa kijana, pamoja na baba yake Harold, nyumbani kwao Uingereza. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya fremu kuukuu ya mekoni iliyokuwa na matundu ya wadudu, na matundu hayo wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye pikipiki ya zamani, na alama za freti zilikuwa vifungo vya nguo. Gita hilo hilo amelipiga jukwaani kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nitaeleza gita moja tu, lile ninalomshauri kila anayeanza: shingo inayofungwa kwa skrubu, kichwa kisicholala nyuma, daraja lisilo na mkono wa kutikisa, pikapu mbili (zile za sumaku, si za kubebea mchanga), kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Shingo ya skrubu ikiharibika unatupa shingo, si gita zima.

Vipande vya kununua kabla ya kukata chochote

Nunua kwanza daraja, pikapu, vigingi, nondo ya shingo (chuma kinachofichwa ndani ya shingo kuinyoosha), waya wa freti na swichi. Viweke mezani mbele yako. Michoro ya mtandaoni inatofautiana, na kipande ulichonacho mkononi ndicho kitakachoingia kwenye tundu lako. Nimeshachimba matundu ya pikapu kwa kufuata mchoro, pikapu zilipofika zikawa na masikio mapana zaidi. Kupanua tundu kwenye bodi iliyokwisha kupakwa rangi ni adhabu.

Vifaa vya kazi: ruta ya mbao na biti yenye beringi ya kufuatia kiolezo, drili (ya kusimama ni bora zaidi), msumeno wa kukatia mapindo, msumeno mwembamba wa freti, randa, patasi kali, tupa za mbao na za chuma, msasa wa namba 80 hadi 1000, klampu nyingi kuliko unavyofikiri, na rula ya chuma iliyonyooka kweli. Hiyo rula usiibanie pesa. Ongeza miwani ya kinga na barakoa nzuri ya vumbi, maana vumbi la mbao ngumu, hasa jamii ya rozwudi, huwasha ngozi na mapafu ya watu wengi.

Mchoro wa ukubwa halisi

Bandika karatasi ndefu mezani na uchore gita zima kwa ukubwa wake halisi. Anza na mstari mmoja wa katikati, kuanzia kichwani hadi kitakoni. Mstari huo utauhamishia kwenye shingo, kwenye bodi na kwenye violezo, na hutaufuta mpaka siku ya kupaka rangi. Kila kipimo cha upana kinatoka kwenye mstari huo kwenda kushoto na kulia, kamwe si kutoka ukingoni, kwa sababu ukingo utaupiga msasa na utahama.

Kisha amua urefu wa uzi, yaani umbali kutoka kidaraja cha mfupa kilicho chini ya kichwa hadi daraja. Fender wamezoea milimita 648. Gibson wako karibu na 628. Urefu mkubwa unakaza nyuzi zaidi na sauti inakuwa kavu na yenye kung'aa. Urefu mdogo ni laini chini ya vidole. Chagua mmoja na usichanganye. Mimi hapa natumia 648.

Nafasi za freti zinatoka kwenye hesabu moja. Gawanya urefu wa uzi kwa 17.817 upate umbali wa freti ya kwanza. Toa jibu hilo kwenye urefu, kilichobaki ukigawanye tena kwa 17.817, na kuendelea hivyo. Kwa milimita 648, freti ya kwanza inakaa 36.37 kutoka kwenye kidaraja, ya pili 70.70, ya tatu 103.10, ya tano 162.55, ya saba 215.51, na ya kumi na mbili 324 kamili, nusu ya uzi. Ya ishirini na mbili inaangukia 466.16. Kama hesabu yako ya freti ya kumi na mbili haikutoa nusu, rudia.

Wakati wa kuweka alama, pima kila freti kutoka sifuri. Ukipima freti moja hadi nyingine, kosa la robo milimita linajumlishwa mara ishirini na mbili, na gita linaharibika taratibu bila wewe kujua ni wapi palipoharibikia.

Mbao

Kuhusu mbao watu hubishana kuliko jambo lolote lingine kwenye magita. Maoni yangu: kwa gita la umeme, pikapu, nyuzi na ufungaji mzuri wa shingo vina sauti kubwa kuliko aina ya mti wa bodi. Chagua mbao kwa ukavu, uzito na urahisi wa kukata.

Ukavu kwanza. Mbao iwe na unyevu wa karibu asilimia 8 hadi 10, na ikae wiki kadhaa ndani ya chumba utakachofanyia kazi kabla hujaigusa. Mbao mbichi itapinda baada ya kuichonga, na shingo iliyopinda kwa kujisokota haina dawa. Nondo inarekebisha kupinda kwa mbele na nyuma tu, haiwezi kurekebisha msokoto.

Kwa bodi, mkangazi unafaa sana, na alda au mbao nyingine yoyote ya uzito wa kati. Utahitaji ubao wa milimita 45 unene, kama 350 kwa 500. Hakuna ubaya kuunganisha vipande viwili kwa gundi katikati, na kiungo hicho kitakusaidia kuwa mstari wa katikati. Mbao nzito sana iepuke, maana gita zima likivuka kilo nne na nusu bega litakulaumu kabla onesho halijaisha.

Shingo inataka mti mgumu usiochezacheza: mepo, mkangazi uliokomaa, au vipande vitatu vilivyogundishwa kwa urefu, mishipa ya kila kimoja ikielekea upande wake. Angalia ncha ya ubao: mishipa ikiwa imesimama wima, imara, ikilala, tafuta ubao mwingine. Kwa ubao wa freti, mpingo hauna mpinzani kwa ugumu, ndio huo huo unaotengenezewa klarineti na oboe, lakini utakula meno ya msumeno wako. Rozwudi ni rahisi zaidi kwa mkono unaojifunza.

Shingo

Anza na shingo, kisha bodi ifuate. Wengi huanza na bodi kwa sababu ndiyo yenye raha, halafu wanajikuta na tundu la shingo lisilolingana na shingo. Kupunguza tundu ni vigumu kuliko kulipanua.

Ubao wa shingo uwe na urefu wa milimita 700, upana 100, unene 20, na uso wa juu uliopigwa randa mpaka rula ya chuma isipitishe mwanga. Kwenye mstari wa katikati chimba mfereji wa nondo kwa ruta. Nondo nyingi za kukaza pande mbili zinataka mfereji wa upana wa milimita 6 na kina cha 9, lakini pima yako. Nyuzi sita za kawaida za 10 hadi 46 huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 47, na nondo ndiyo inayovutana nazo. Iingie ikiwa imebana kidogo bila kulazimishwa, maana ikicheza itanguruma ndani ya shingo kila ukipiga noti fulani, na hutaifikia tena.

Ubao wa freti una unene wa milimita 6. Kata nyufa za freti ukiwa bado na kingo mbili zilizonyooka na sambamba, maana guni (kile kipimo cha seremala cha pembe mraba) inahitaji ukingo ulionyooka wa kuegemea. Ukishaupunguza upana kuelekea kichwani, hakuna tena ukingo wa kuaminika. Ufa unaofaa waya mwingi wa freti ni karibu milimita 0.58, na kina chake kizidi kidogo mguu wa freti. Funga kipande cha ubao kando ya msumeno kama kizuizi cha kina ili nyufa zote zilingane.

Kugundisha ubao wa freti kwenye shingo ndipo mikono ya wengi hutetemeka. Gundi ya mbao ikiwa mbichi inateleza kama sabuni, na ukikaza klampu ubao unahama milimita mbili bila kukuaga. Dawa yake ni hii: kabla ya gundi, panga ubao mahali pake, toboa vitundu viwili vidogo ndani ya ufa wa freti ya kwanza na vingine ndani ya ufa wa freti ya mwisho, kisha pigilia misumari midogo uliyoikata vichwa. Ubao sasa unarudi mahali pale pale kila ukiuweka. Funika mfereji wa nondo kwa ukanda mwembamba wa selotepu ya karatasi, paka gundi, vuta selotepu, bandika ubao, na ukaze klampu ukianzia katikati kwenda nje, juu ya kipande cha mbao nene iliyonyooka. Ng'oa misumari baada ya saa moja. Klampu ziache hadi kesho.

Sasa punguza upana: milimita 43 penye kidaraja, 56 kwenye kisigino, yaani ile ncha inayofungwa kwenye bodi. Kichwa kishushwe mpaka kibaki na unene wa karibu milimita 15, na matundu ya vigingi yatobolewe kwa drili ya kusimama. Kwa kuwa kichwa hakijalala nyuma, nyuzi nyembamba zitahitaji kishikizo kidogo cha kuzibonyeza chini, la sivyo zitaruka kutoka kwenye kidaraja.

Mviringo wa uso wa freti unapatikana kwa kibao cha msasa chenye mviringo wa milimita 305, ambazo ni inchi 12. Chora mistari ya penseli ubao mzima, piga msasa kwa mikono miwili kutoka ncha hadi ncha, na usisimame mpaka penseli yote imefutika. Sehemu ambayo penseli imebaki ndiyo iliyo chini. Njia hii ya penseli itakusaidia kila mahali kwenye kazi hii.

Freti zenyewe: pinda waya kidogo zaidi ya mviringo wa ubao, kata vipande virefu kuliko upana, kisha pigilia kwa nyundo ya plastiki au shaba. Ncha mbili kwanza, halafu katikati. Sikiliza. Freti isiyokaa inalia kama imepigwa juu ya kitu kitupu, na ikishakaa mlio unakuwa mfupi na mzito. Kata ncha kwa koleo, kisha zipige tupa zote kwa pamoja mpaka ukipitisha kiganja kandokando ya shingo hakikwami.

Mgongo wa shingo uchonge mwisho. Hapa fanya hesabu kabla ya kushika tupa. Tuseme unataka unene wa milimita 21 penye freti ya kwanza. Toa 6 za ubao wa freti, toa 9 za mfereji: zimebaki 6 za mbao chini ya nondo. Ukichonga kwa hamasa ukafika 16, umebakiwa na milimita moja, na nondo itatokea mgongoni. Chonga kwanza mahali pawili tu, penye freti ya kwanza hadi milimita 21 na penye freti ya kumi na mbili hadi 23, kwa kukata kona, halafu kona za kona, mpaka umbo limeingia kwenye kiganja chako. Kisha unganisha hizo sehemu mbili kwa tupa ndefu. Zima taa ya dari, washa moja ya pembeni: kila kivimbe kitajionyesha kwa kivuli.

Bodi

Tengeneza kiolezo cha plaiwudi au MDF ya milimita 12 na ukilainishe kwa subira, maana kila kasoro ya kiolezo itanakiliwa kwenye bodi. Kata bodi kwa msumeno ukiacha milimita mbili au tatu nje ya mstari, bandika kiolezo, kisha ruta imalizie.

Ruta usiichezee. Ishuke milimita tano au sita kwa kila mzunguko, na isogezwe kinyume na mzunguko wa biti, la sivyo itakukimbia mikononi. Hatari kubwa iko kwenye pembe za bodi, pale mishipa ya mbao inapokatwa kwa ncha. Niliwahi kupoteza pembe nzima kwa sekunde moja. Kipande kiliruka mpaka ukutani na nilibaki nimeshika ruta huku moyo unadunda. Tangu siku ile sehemu hizo nakata kidogo kidogo, nikianzia kwenye upana kuteremka kuelekea kwenye wembamba.

Tundu la shingo lifanye kwa kiolezo kilichochorwa kwa kuizungushia penseli shingo yenyewe. Jaribu kwanza kwenye mbao ya kutupa. Likiwa zuri, shingo inaingia kwa kusukumwa na kiganja, na ukiinyanyua bodi nayo inanyanyuka bila skrubu hata moja.

Kina chake kinatoka kwenye daraja, si kwenye kichwa cha mtu. Shingo yetu ina unene wa milimita 26 kwenye kisigino. Tundu likiwa na kina cha 16, uso wa freti unasimama milimita 10 juu ya bodi. Ongeza kimo cha freti na nafasi ya nyuzi, ambazo zinazidi kupanda kadiri zinavyokaribia daraja, na utakuta nyuzi zinapita kama milimita 14 juu ya bodi pale darajani. Sasa lipime daraja lako: vile vitandiko vidogo vinavyobeba uzi mmoja mmoja vinashuka mpaka wapi na vinapanda mpaka wapi? Kumi na nne iwe katikati ya hapo. Kama haiko, badilisha kina cha tundu sasa, wakati bado ni penseli.

Matundu ya pikapu na shimo la vitufe yanafuata kwa njia hiyo hiyo. Shimo la vitufe linachimbwa kwa nyuma. Acha milimita 5 au 6 za mbao upande wa mbele, la sivyo uzi wa skrubu wa kitufe hautatokeza vya kutosha kufungwa nati. Njia za waya zitobolewe kwa biti ndefu: kutoka tundu la shingo kupitia matundu ya pikapu hadi shimo la vitufe, kutoka shimo la vitufe hadi kwenye jeki (pale unapochomeka waya wa amplifaya), na kijitundu kimoja chembamba kutoka shimo la vitufe hadi chini ya daraja. Kijitundu hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Ni cha waya wa ethi.

Kuweka daraja mahali pake

Fanya hivi kabla ya rangi. Funga shingo kwa skrubu nne, ukiwa umetoboa matundu ya kutangulia. Skrubu ikilazimishwa kwenye mepo inakatika, na kipande kinabaki humo. Paka sabuni kidogo kwenye meno yake.

Weka rula sehemu ya mbele ya kidaraja, ule uso unaotazama freti, na upime 648 kwenye mstari wa katikati. Hakikisha kwa freti ya kumi na mbili: kutoka kidaraja hadi pale 324, kutoka pale hadi alama yako 324. Sogeza kitandiko cha uzi mwembamba kabisa karibu na mwisho wake wa mbele, kisha kipange kwenye alama hiyo. Sababu ni kwamba uzi ukibonyezwa unavutika na noti inapanda kidogo, kwa hiyo kila kitandiko kitarudishwa nyuma ili kufidia. Uzi mwembamba unarudi milimita moja au mbili, mnene tatu hadi tano. Kama vitandiko viko katikati ya njia yao wakati wa kupima, ule mnene unaweza kukosa pa kurudi.

Usitoboe bado. Chukua nyuzi mbili za kushonea, vuta moja kutoka nafasi ya uzi wa kwanza kwenye kidaraja hadi kitandiko chake, na nyingine kwa uzi wa sita. Tazama ukiwa juu yake kabisa: umbali kutoka uzi hadi ukingo wa shingo ulingane pande zote mbili hadi freti ya mwisho. Usipolingana, sogeza daraja kushoto au kulia kwa nusu milimita, tazama tena. Mimi huondoka, nikanywe maji, nikarudi kupima mara ya tatu ndipo nitoboe.

Rangi

Fungua kila kitu. Piga msasa kwa kupanda namba, 120, 180, 240, kwa kufuata mishipa. Mbao zenye vinyweleo vikubwa kama mkangazi zinataka kijazio kwanza, la sivyo rangi itazama kila mahali.

Kwa mara ya kwanza ningekwambia utumie mafuta ya kupangusa. Hayahitaji bunduki ya kupulizia, hayadondoki, na ukikosea unapaka tena. Laka inang'aa zaidi, lakini inataka hewa safi, barakoa ya kemikali na wiki za kusubiri ikauke ndani. Onyo moja la kweli: matambara yenye mafuta ya mbao yanaweza kuwaka moto yenyewe yakikunjwa na kurundikwa. Yatandaze nje yakauke, au yatumbukize kwenye maji. Na tundu la shingo lizibe kwa selotepu, kwa sababu tabaka la laka linatosha kuifanya shingo isiingie tena.

Umeme

Sehemu hii inatisha watu bure. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, umeme mdogo unazaliwa. Kila kinachofuata ni kuufikisha umeme huo kwenye jeki.

Kwa pikapu za koili mbili tumia poti (vile vipande vya kuzungusha vilivyo chini ya vitufe) za kiloomu 500 na kapasita ya mikrofaradi 0.022. Za koili moja zinapendeza na 250 na 0.047. Waya wa moto wa kila pikapu unaenda pembeni mwa swichi, mmoja huku mwingine kule. Katikati ya swichi unatoka waya hadi mguu wa pembeni wa poti ya sauti. Mguu wa kati wa poti hiyo unaenda kwenye ncha ya jeki. Mguu wa tatu unapindwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa poti. Kwa toni, chukua waya kutoka kwenye ule mguu wa sauti unaopokea moto hadi mguu wa pembeni wa poti ya toni, na kutoka mguu wake wa kati weka kapasita hadi mgongoni. Kitufe kikifanya kazi kinyume, badilisha miguu ya pembeni.

Ethi zote zikutane: waya za chini za pikapu, migongo ya poti, mwili wa swichi, mkono wa jeki, na ule waya wa daraja. Kulehemu mgongo wa poti kunashinda wengi kwa sababu chuma kile kinakula joto. Ukwangue kwa msasa, paka risasi kidogo peke yake kwanza, kisha waya, kisha viunganishe kwa sekunde mbili au tatu. Risasi ikishika vizuri inang'aa na kutandaa. Ikikaa kama tone la umande, haijashika.

Kabla ya kuweka nyuzi, chomeka kwenye amplifaya na ugonge kila pikapu polepole kwa bisibisi. Ukisikia "tok", iko hai. Baadaye, gita likivuma kidogo na mvumo ukapungua ukigusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Ukigusa na hakuna kinachobadilika, kagua waya wa daraja.

Kusawazisha na kurekebisha

Funga shingo, weka nyuzi, zikaze, uache usiku mmoja shingo izoee mvuto. Kisha legeza nyuzi na ukaze nondo mpaka uso wa freti unyooke kabisa. Paka kila freti wino wa kalamu ya alama, pitisha kibao kirefu kilichonyooka chenye msasa wa 400 mpaka kila kichwa cha freti kimeguswa. Zilizoguswa sana sasa zina vichwa bapa. Zirudishie mviringo kwa tupa ya freti ukiacha mstari mwembamba wa wino juu kabisa, kisha zing'arishe. Funika mbao kwa selotepu wakati wote huo.

Kidaraja cha mfupa kinakatwa mifereji kwa tupa zinazolingana na unene wa nyuzi. Kujua kina kinachotosha, bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na utazame pale freti ya kwanza: kubaki nafasi ya karatasi tu. Ukiukata zaidi uzi utanguruma ukiwa wazi, na hapo unaanza kidaraja kingine. Cha kwanza karibu kila mtu anakiharibu, nunua viwili.

Halafu, kwa mpangilio huu huu. Nondo: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, pale kati iwepo nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3. Izungushe robo kwa robo. Kimo: kwenye freti ya kumi na mbili, milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na 2 kwa mnene. Oktavu: linganisha noti ya freti ya kumi na mbili na ile ya hewani mahali hapo hapo, yaani inayotoka ukiugusa uzi tu bila kuubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila ukisogeza, kaza uzi upya kabla ya kupima. Ukibadilisha unene wa nyuzi, zote tatu unazirudia.

Wiki mbili za kwanza shingo mpya bado inatafuta mahali pake. Nondo utaigusa mara mbili au tatu, na skrubu za kisigino zitakubali robo mzunguko zaidi.